Pumu kwa Mtu Anayetafuta Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maandalizi Huanzia Zahanati

Mtu mwenye pumu na unene uliokithiri hupewa ushauri ambao ni rahisi kuutoa na mgumu kuufuata. Huambiwa apunguze uzito ili apumue vizuri. Anapoanza kutembea au kulima kwa bidii zaidi ili apungue, kifua humbana, akibanwa hupumzika, akipumzika, uzito huongezeka. Mkazi wa Kaniha, wilayani Biharamulo, anayeishi katika mzunguko huo anaweza siku moja kusikia redioni au kusoma kwenye simu yake kwamba upasuaji wa kupunguza uzito sasa unafanyika hapa nchini. Swali analokwenda nalo kwa mhudumu wa afya huwa moja: je, pumu itamzuia, au itamsaidia kukubaliwa?

Majibu ni matatu, kwa sababu pumu inayozungumzwa huweza kuwa ya namna tatu. Pumu iliyothibitishwa ni miongoni mwa magonjwa yanayoongeza sababu za kitabibu za kufanya upasuaji huo. Pumu isiyotulizwa ni miongoni mwa sababu za kuuahirisha. Na pumu ambayo haijawahi kupimwa, bali imetajwa tu kwa sababu mgonjwa alikuwa akihema, haipaswi kutumiwa kwa lolote kati ya hayo mawili mpaka ipimwe. Sehemu kubwa ya upimaji huo haihitaji safari ya Dar es Salaam. Inaweza kuanza katika zahanati na kukamilika katika hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Nani hukubaliwa

Wataalamu hutumia uwiano wa uzito na urefu, unaopatikana kwa kuchukua uzito wa mtu kwa kilo na kuugawanya kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chukuliwe mfano wa mkulima mwanamke mwenye kilo 95 na urefu wa mita 1.62: uwiano wake ni takriban 36. Uwiano wa 25 na kuendelea huhesabiwa kuwa uzito uliozidi, na wa 30 na kuendelea huitwa unene uliokithiri, au kiribatumbo kama baadhi ya waandishi wanavyopenda kuuita.

Mwaka 1991 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani liliweka mipaka ambayo hospitali nyingi duniani ziliifuata kwa miaka 30: uwiano wa 40 na kuendelea, au wa 35 na kuendelea kwa mtu mwenye ugonjwa mwingine wa hatari unaohusiana na unene. Magonjwa yaliyotolewa mfano wakati ule yalikuwa kama kukatika kwa pumzi usingizini, kisukari kikali na ugonjwa wa misuli ya moyo. Kufikia mwaka 2013 vyama vya Marekani vya wataalamu wa homoni, wa unene na wa upasuaji vilikuwa vimeiingiza pumu katika orodha. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa upasuaji huo cha Marekani na shirikisho lao la kimataifa walishusha mipaka: uwiano wa 35 unatosha bila kuhitaji ugonjwa mwingine, na mwenye uwiano kati ya 30 na 35 anaweza kufikiriwa ikiwa ana ugonjwa kama kisukari cha aina ya pili.

Kwa mkulima wetu mwenye uwiano wa 36, mabadiliko hayo si madogo. Kwa kanuni ya zamani pumu ingekuwa tiketi yake. Kwa kanuni mpya hahitaji tiketi, ila anahitaji kuvuka salama usingizi wa dawa na wiki zinazofuata. Hospitali na mifuko ya bima haitumii kanuni moja, kwa hiyo ni vyema kuuliza hospitali husika kabla ya kuuza ng'ombe. Lakini daktari anayeandika neno "pumu" katika fomu ya rufaa ili tu kumsogeza mgonjwa mbele hamsaidii. Neno hilo litasomwa na daktari wa usingizi, naye ataliamini.

Nchini Tanzania huduma hizi zimekuwa zikitolewa katika miaka ya karibuni na Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ambako huwekwa puto tumboni au hufanyika upasuaji wa kupunguza tumbo lenyewe. Wenye uwezo wamekuwa pia wakienda Nairobi na India. Asidhani msomaji kwamba hili ni suala la wakazi wa mijini tu. Tafiti za kitaifa za afya ya jamii zilionyesha kwamba wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 mwaka 2015-16. Kuhusu pumu, utafiti wa kitaifa uliofanyika kwa majirani zetu wa Uganda, ulioshirikisha watu zaidi ya 3,000 wa miaka 12 na kuendelea, uliikuta kwa takriban asilimia 11. Kukutana na mtu mwenye yote mawili si jambo la nadra.

Kwa nini unene hubana kifua

Mapafu hufanya kazi mfano wa mivukuto ya mhunzi. Mivukuto ikiwekewa jiwe juu yake haifunguki vizuri, na upepo wake huwa mfupi. Mafuta yaliyojaa tumboni husukuma juu kile kiwambo cha msuli kinachotenganisha tumbo na kifua, na mafuta ya ukuta wa kifua huongeza mzigo juu ya mbavu. Mtu huyo hupumua pumzi fupi fupi, na hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi hupungua. Njia ndogo za hewa, ambazo kwa kawaida hutanuliwa na kila pumzi ndefu, hukosa kunyoshwa. Hubaki nyembamba na kuwa nyepesi kujifunga.

Zaidi ya uzito wenyewe, mafuta ya mwili si ghala lililolala. Hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mdogo wa kudumu mwilini, na uvimbe huo hufika hata mapafuni. Unene huongeza pia kupanda kwa tindikali ya tumbo hadi kooni, ambayo huwasha njia za hewa hasa usiku, na huongeza kukatika kwa pumzi usingizini. Yote hayo yanaweza kutokea kwa mtu ambaye hana pumu hata kidogo, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Wataalamu hutofautisha makundi mawili ya watu wanene wenye pumu. Wa kwanza walianza kuugua utotoni, mara nyingi pamoja na mafua ya mzio au ukurutu, na unene ulikuja baadaye ukauzidisha ugonjwa. Wa pili, ambao wengi wao ni wanawake, walianza kubanwa wakiwa watu wazima, baada ya kunenepa, bila dalili za mzio. Kundi hili la pili mara nyingi halipati nafuu kubwa kutokana na dawa za kuvuta, lakini hunufaika zaidi uzito unapopungua. Swali rahisi la mhudumu wa zahanati, "Ulianza kubanwa ukiwa na umri gani, kabla au baada ya kunenepa?", lina thamani kubwa kwa daktari atakayempokea mgonjwa huyo, na halina gharama yoyote.

Je, ni pumu kweli?

Huko Kanada watafiti waliwachunguza upya watu wazima 613 walioambiwa na madaktari katika miaka mitano iliyotangulia kwamba wana pumu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: katika kila watu watatu, takriban mmoja hakukutwa na pumu, na wengi walioachishwa dawa kwa uangalizi hawakudhurika. Wengine walikuwa na magonjwa tofauti, yakiwemo ya moyo. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye vifaa tele, ni busara kudhani kwamba Biharamulo makosa si machache zaidi.

Mtu mnene anayehema anapopanda kilima anaweza kuwa na pumu. Anaweza pia kuwa na moyo uliochoka kwa shinikizo la damu la miaka mingi lisilotibiwa, na huyu huvimba miguu na kushindwa kulala chali. Anaweza kuwa na kifua kikuu, na kikohozi kilichozidi wiki mbili hakipaswi kuitwa pumu kabla makohozi hayajapimwa. Mwanamke aliyepika kwa kuni katika jiko lisilopitisha hewa kwa miaka 30 anaweza kuwa na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao hautofautishwi na pumu kwa kusikiliza kifua tu. Na anaweza kuwa na unene peke yake, pamoja na misuli iliyokosa mazoezi. Pumu ina tabia yake: huja na kuondoka, huzidi usiku na alfajiri, huamshwa na vumbi, moshi, baridi au mafua, na huambatana na mlio kama wa filimbi wakati wa kutoa pumzi. Anayehema kwa kiwango kile kile kila siku, na anayepona mara tu anapoketi, anahitaji kuangaliwa kwa jicho jingine.

Kipimo bora ni kupuliza katika mashine ya kupima ujazo na kasi ya pumzi, kinachoitwa spirometria. Mgonjwa hupuliza, hupewa salbutamoli ya kuvuta, kisha hupuliza tena. Hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 au zaidi, na ongezeko hilo likafika mililita 200 au zaidi, hiyo ni dalili nzuri ya pumu. Mahali pasipo na mashine hiyo, kifaa kidogo cha plastiki cha kupima kasi ya pumzi, kinachobebeka mfukoni, kinaweza kutoa jibu la awali. Mgonjwa apulize kwa nguvu zake zote mara tatu, namba kubwa kuliko zote iandikwe. Apewe midonoo minne ya salbutamoli, asubiri dakika 15, apulize tena. Aliyepuliza 250 mwanzoni kisha akapata 310 ameongeza asilimia 24, na ongezeko la asilimia 20 au zaidi linaunga mkono pumu. Kama hakuna badiliko siku hiyo, anaweza kupewa kifaa akapime nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Tofauti kati ya asubuhi na jioni ikizidi wastani wa asilimia 10 kwa siku, pumu bado ni jibu linalowezekana. Aliyepimwa siku aliyoamka vizuri na kukutwa sawa asifutiwe pumu kwa kipimo kimoja.

Daftari la wiki mbili la namba hizo, likiambatishwa kwenye barua ya rufaa, lina maana kuliko sentensi ndefu za maelezo. Daktari wa Bugando, Chato au Mloganzila atalisoma kwa dakika moja na kujua aanzie wapi.

Dawa inayotibu na dawa inayonenepesha

Katika maeneo mengi ya vijijini, dawa ya pumu inayofahamika zaidi ni kidonge. Salbutamoli ya kumeza, aminofilini, na shambulio likizidi, predinisoloni kwa siku kadhaa. Predinisoloni huokoa maisha katika shambulio kali na hakuna sababu ya kuiogopa pale inapohitajika. Tatizo ni pale inapotumika kila mwezi kwa sababu dawa ya kuvuta haikupatikana. Huongeza hamu ya kula, huhamishia mafuta usoni na tumboni, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hudhoofisha mifupa. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unatahadharisha kwamba hata kozi fupi nne au tano katika maisha yote ya mtu zinahusishwa na ongezeko la madhara ya aina hiyo. Mgonjwa aliyenenepa kwa sababu ya vidonge, kisha akatafuta upasuaji ili aondoe unene, amezungushwa na tiba yake mwenyewe. Baadhi ya watu hawa wangepungua na kupumua vizuri kwa kubadilishiwa dawa tu.

Mwulizaji asisahau pia vidonge vya kujinenepesha vinavyouzwa kwa siri katika baadhi ya masoko ya ukanda wetu, ambavyo hukutwa vikiwa na deksametasoni, ndugu wa predinisoloni. Mwanamke anayevitumia hatavitaja asipoulizwa kwa upole na faraghani.

Dawa inayozuia pumu ni ya kuvuta yenye steroidi kwa kiwango kidogo kinachofika moja kwa moja mapafuni: beklometasoni, au budesonidi ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Salbutamoli hufungua njia za hewa kwa saa chache bila kutibu uvimbe uliomo. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa GINA haupendekezi tena mtu mzima mwenye pumu atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Wagonjwa wengi huivuta vibaya, dawa ikaishia ulimini. Chombo cha kuunganisha pampu na mdomo hurekebisha kosa hilo, na si lazima kinunuliwe. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba, kwa watoto wenye shambulio la pumu, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini kwa ukubwa wa mdomo wa pampu na kuzibwa kingo zake ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Chupa za maji za kipimo hicho hazikosekani katika duka lolote la Nyakanazi.

Miezi mitatu ya dawa ya kuvuta, ikitumiwa kila siku na kwa njia sahihi, itaonyesha mambo mawili: kama pumu inatulia, na kama uzito unashuka vidonge vikiachwa. Vidonge vya steroidi vilivyotumika kwa muda mrefu visikatwe ghafla. Vipunguzwe kidogo kidogo kwa usimamizi wa daktari.

Upasuaji husaidia kiasi gani

Kwa mtu ambaye kweli ana pumu na unene uliokithiri, faida ya kupungua ni ya hakika. Hata kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani takriban kilo 5 hadi 9.5 kwa mkulima wetu wa kilo 95, kunaweza kuboresha udhibiti wa pumu. Upasuaji huenda mbali zaidi. Namna inayofanywa zaidi duniani ni kukata na kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, likabaki mfano wa mrija. Namna ya pili huacha mfuko mdogo wa tumbo na kuuunganisha na utumbo mwembamba mbele kidogo. Kwa njia hizi watu wengi hupoteza kati ya robo na karibu theluthi ya uzito wao katika mwaka mmoja hadi miwili.

Nchini Marekani watafiti walifuatilia kumbukumbu za wagonjwa 2,261 wenye pumu na unene uliokithiri waliofanyiwa upasuaji huo. Kabla ya upasuaji, asilimia 22 walikuwa wamekimbizwa katika chumba cha dharura au kulazwa kwa sababu ya pumu katika mwaka mmoja. Mwaka uliofuata upasuaji walikuwa asilimia 10.9, na mwaka wa pili hali ilibaki hivyo. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yanavutia, lakini yasomwe kwa makini: nusu ya mashambulio yalipungua, nusu ilibaki. Utafiti mdogo zaidi wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa wengi wenye pumu walijisikia vizuri baada ya upasuaji, ila njia za hewa zilipungua wepesi wa kujifunga hasa kwa wale wasio na dalili za mzio katika damu. Mwenye pumu ya utotoni asiahidiwe kwamba ataitupa pampu.

Puto ni jambo tofauti. Huwekwa tumboni kwa kamera, hukaa kwa takriban miezi sita au kumi na miwili kutegemea aina yake, kisha hutolewa. Hushusha uzito kwa kiasi kidogo kuliko upasuaji, na uzito ukirudi, faida kwa pumu huondoka nao. Linaweza kufaa kwa mtu anayehitaji kupungua kwanza ili upasuaji wowote uwe salama. Kwa anayelitarajia liwe tiba ya kudumu, fedha zake zingetumika vizuri zaidi kwingine.

Uchaguzi wa aina ya upasuaji una jambo linalomhusu mwenye pumu moja kwa moja. Kulifanya tumbo kuwa mrija kunaweza kuzidisha kiungulia na kupanda kwa tindikali. Kuunganisha mfuko mdogo na utumbo mara nyingi hupunguza hali hiyo. Mgonjwa ambaye pumu yake huamshwa na tindikali usiku aliseme jambo hilo wazi kabla ya uamuzi, hata kama hakuulizwa.

Kabla ya chumba cha upasuaji

Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2009, uliofuatilia watu 4,776 waliofanyiwa upasuaji huo kwa mara ya kwanza, ulikuta kwamba watatu katika kila 1,000 walifariki ndani ya siku 30. Waliokuwa katika hatari zaidi ya madhara makubwa ni waliowahi kuganda damu miguuni au mapafuni, wenye kukatika pumzi usingizini, na wasioweza kutembea umbali mfupi. Kukatika pumzi usingizini hufichwa kirahisi na jina la pumu. Mke au mume ndiye shahidi: aulizwe kama mwenzake hukoroma kwa sauti kubwa, kama pumzi husimama kisha akashtuka, na kama husinzia mchana akiwa ameketi.

Pumu yenyewe inapaswa kuwa imetulia kwa wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Aliyepata shambulio au maambukizi ya kifua karibuni aahirishwe, hata kama nauli imeshalipwa na ndugu wameshachanga. Njia za hewa zenye uvimbe huweza kujifunga kwa nguvu mpira wa kupumulia unapoingizwa kooni, na kwa mtu mnene akiba ya oksijeni mwilini huisha kwa muda mfupi kuliko kwa mwembamba. Sigara iachwe. Pampu isiachwe nyumbani: dawa ya kuvuta hutumika hadi asubuhi ya siku ya upasuaji yenyewe. Na kila kidonge cha predinisoloni kilichomezwa katika miezi sita iliyopita kitajwe. Aliyekitumia kwa zaidi ya wiki mbili mwili wake huenda umepunguza kutengeneza homoni yake ya dharura, naye hupewa haidrokotisoni wakati wa upasuaji ili shinikizo la damu lisiporomoke. Daktari wa usingizi hawezi kulikisia jambo hili, na kadi ya zahanati yenye tarehe na idadi ya vidonge inaweza kumwokoa mtu.

Baada ya kurudi nyumbani

Safari ya kurudi Kaniha huwa ndefu, ingawa Daraja la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limemwondolea anayepitia Mwanza foleni ya kivuko. Mgonjwa apewe barua ya kumrudisha katika kituo chake, yenye aina ya upasuaji, tarehe, dawa anazotumia na namba ya simu ya wodi. Pampu aendelee nayo. Hata akijisikia vizuri kiasi gani, dawa ya kuzuia pumu hupunguzwa na daktari baada ya kupima pumzi. Atahitaji vitamini na madini kwa maisha yake yote, hasa vitamini B12, madini ya chuma, kalisi na vitamini D. Anayetapika kwa siku kadhaa mfululizo anaweza kuishiwa vitamini B1 na kupata madhara ya ubongo, kwa hiyo asisubiri. Mwanamke aepuke mimba kwa miezi 12 hadi 18, kwa njia isiyotegemea vidonge vya kumeza, kwa kuwa ufyonzwaji wake baada ya upasuaji hauaminiki. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa, zina hatari mbili kwa mtu huyu: huweza kuamsha pumu kwa baadhi ya wagonjwa, na huweza kutoboa vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia.

Kuna hali moja ambayo kila mhudumu wa zahanati anapaswa kuitambua. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito wiki mbili au tatu zilizopita anafika usiku akihema. Kadi yake imeandikwa "pumu", na mkono wa mhudumu unakwenda wenyewe kwenye salbutamoli na predinisoloni. Kabla ya hapo ahesabu mapigo ya moyo na kusikiliza kifua. Mapigo yanayofika 120 kwa dakika kabla ya salbutamoli yoyote, homa, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, na kifua kisicho na mlio wa filimbi, ni dalili zinazoelekeza kwenye kuvuja kwa mshono wa tumbo. Kubanwa kwa ghafla, maumivu ya kifua yanayochoma wakati wa kuvuta pumzi, au mguu mmoja uliovimba, huelekeza kwenye damu iliyoganda na kufika mapafuni. Hali zote mbili huua kwa saa au siku chache, na predinisoloni inaweza kuficha dalili za ile ya kwanza. Apewe oksijeni ikiwepo, asipewe chakula wala kinywaji, afunguliwe mshipa kwa maji ya dripu, wodi iliyomfanyia upasuaji ipigiwe simu kwa namba iliyo kwenye barua, na gari la wagonjwa liitwe usiku huo huo.